Kadi ya nauli ije, lakini adhabu isianzie kwa abiria

Mhariri,

Kila nauli za daladala zinapopangwa upya, hoja ya kadi hurudi: abiria agonge kadi, konda aache kushika noti, na asiyegonga atozwe nauli ya adhabu kama wanavyofanya Ulaya. Kadi naiunga mkono. Nauli ya adhabu kwa abiria wa vifodi, yaani daladala ndogo, vya Arusha naipinga, na naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze sababu. Nyingi ziko kwenye waya, betri na hesabu ya siku ya gari.

Kwanza tujue adhabu hiyo ilizaliwa wapi. Kwenye reli za Uingereza, tangu Januari 23, 2023, anayekamatwa bila tiketi anadaiwa pauni 100 pamoja na nauli ya safari yake, na akilipa ndani ya siku 21 zile 100 zinashuka hadi 50. Kwenye mabasi na treni za jiji la London adhabu ilipanda kutoka pauni 80 hadi 100 mwezi Machi 2024, kwa utaratibu huohuo wa nusu. Ujerumani ni euro 60 tangu mwaka 2015. Viwango hivyo ni vikali kwa sababu ya mlango. Kituo cha treni cha Berlin hakina geti wala mtu wa kukuzuia. Unaingia, unakaa, unashuka. Mkaguzi anapita mara chache, basi adhabu lazima ifidie zile safari zote ambazo hakupita. Chukua nauli ya shilingi 600, sema mkaguzi anakupata mara moja katika safari 20. Adhabu ikiwa chini ya 12,000, mjanja atakayeamua kutolipa kabisa atabaki na faida.

Sasa ingia kwenye kifodi kinachotoka Kilombero kwenda Kwa Mrombo. Konda amesimama mlangoni, mkono juu, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Anajua nani kapandia wapi, nani kalipa, nani anadai chenji. Kila abiria anakaguliwa kila safari. Hesabu ya Berlin haina pa kushika hapa, kwa kuwa konda mwenyewe ndiye geti. Abiria anayeshuka bila kulipa yupo, lakini ni mmoja mmoja, na mara nyingi ni ugomvi wa chenji. Fedha inayovuja kwa wingi inavuja baada ya kufika mkononi mwa konda: kati yake na dereva, kati ya dereva na tajiri, yaani mwenye gari, na kwenye zile mia mia za chenji ambazo abiria huambiwa "utapata mbele". Kumwekea abiria adhabu ni kuziba tundu lisilovuja.

Tena tukinakili uwiano wa London tutaumiza watu. Mwaka 2024 nauli ya basi kule ilikuwa pauni 1.75 na adhabu pauni 100, yaani nauli 57. Zidisha 600 kwa 57 upate 34,200. Mtu anayepanda gari kwenda kuuza ndizi Soko Kuu atoe 34,200 kwa sababu mashine haikusoma kadi yake?

Na mashine zitashindwa kusoma. Hapa ndipo naomba wanaoandika zabuni ya mashine hizo wasome taratibu.

Kadi ya nauli haina betri. Mashine inarusha mawimbi ya megahezi 13.56, antena nyembamba iliyozungushwa ndani ya kadi inayapokea na kuyageuza umeme, chipu inaamka na kujibu. Kazi yote inatakiwa iishe chini ya nusu sekunde, kadi ikiwa sentimita chache tu kutoka kwenye mashine. Mawimbi hayo yana adui mkubwa, nalo ni bati. Ukiikaza mashine moja kwa moja kwenye nguzo ya mlango wa Hiace, chuma kinameza nguvu ya antena na umbali wa kusoma unashuka hadi karibu sentimita moja. Abiria anasukuma kadi, anageuza, anafuta kwa shati, konda anampigia kelele. Dawa yake ni rahisi: kipande cha plastiki ngumu cha unene wa sentimita 3 hadi 4 kati ya mashine na bati, au karatasi ya feraiti, inayozuia bati kumeza mawimbi, nyuma ya antena. Zabuni isipokitaja kipande hicho, mfungaji anayelipwa kwa idadi ya magari hatakiweka.

Kinachofuata ni umeme. Hiace ni volti 12, baadhi ya Coaster ni 24. Dereva anapopiga stata, betri iliyochoka inashuka hadi volti 9 na chini ya hapo kwa sekunde moja au mbili. Oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, ikiwa na waya uliolegea, umeme unaruka juu kwa makumi ya volti kwa muda mfupi sana. Mashine iliyoungwa kwenye waya wa redio inazima na kuwaka kila gari linapozima kituoni, na vifodi vinazimwa kituoni siku nzima kubana mafuta. Kwa hiyo mashine iwe na kibadilishi cha umeme kinachopokea volti 9 hadi 36, waya wake utoke kwenye betri yenyewe ukiwa na fyuzi ya ampea 3 karibu na betri, waya wa pili utoke kwenye swichi ya ufunguo ili mashine ijue gari limezimwa, na ndani iwe na betri ndogo ya kuiwezesha kumaliza kutuma safari zilizobaki. Soketi za aina ya zile za chaja ya simu zisitumike. Barabara za pembeni zenye mashimo zitazilegeza ndani ya wiki chache. Ziwe soketi za kukaza kwa skrubu.

Kuna kifaa kidogo ndani ya mashine ambacho hakuna anayekitazama: betri ya saa, ukubwa wa sarafu. Ikifa, kila mashine inapozima inarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Safari ya saa 2 asubuhi inaandikwa kama ya miaka iliyopita, punguzo la kubadilisha gari linakataa, na mkaguzi anayesoma kadi ya abiria anaona "hujalipa leo". Chini ya sheria ya adhabu, huyo abiria ana kosa. Mashine ichukue saa kutoka setilaiti za GPS kila inapowaka, na ikikosa saa sahihi ikatae kufanya kazi kabisa. Mashine iliyokufa waziwazi ina nafuu kuliko inayodanganya.

Kuna pia tatizo la kadi kuondolewa mapema. Abiria ana haraka, anagusisha na kuvuta. Chipu ilikuwa imeshaanza kuandika salio jipya, mashine haijapata jibu la mwisho. Taa nyekundu. Konda anasema "gonga tena", anagonga, na 600 ya pili inakwenda. Chipu nzuri huandika salio jipya pembeni na kulikubali pale tu muamala ukikamilika. Ukikatika, salio la zamani linarudi. Chipu za bei ya chini hazina uwezo huo. Njia nyingine ni kuiambia mashine isitoze kadi ileile mara mbili ndani ya dakika 5. Lakini hapo tunagongana na desturi yetu: mama amepanda na mdogo wake na anasema "nalipia wawili". Mashine itakataa mara ya pili na konda ataamini mdogo mtu hajalipa. Inahitajika kitufe upande wa konda cha kuchagua idadi ya watu kabla ya kadi kugongwa, na kioo kionyeshe "WAWILI 1,200" kabla fedha haijakatwa. Ni kazi ndogo kwa mtengeneza programu, lakini ameambiwa?

Mlio nao hautoshi. Ndani ya kifodi chenye muziki, hakuna anayesikia pii. Iwe taa ya kijani na nyekundu inayoonekana pande zote mbili, ukubwa wa kizibo cha soda au zaidi, pamoja na salio lililobaki kwa tarakimu kubwa.

Kuhusu usalama wa chipu nitakuwa mfupi. Mwaka 2008 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Radboud kule Nijmegen, Uholanzi, walionyesha hadharani jinsi ya kuvunja ulinzi wa MIFARE Classic, chipu iliyokuwa ikitumika kwenye kadi za usafiri za London na Uholanzi. Ufunguo wake una biti 48 tu. London ikahamia chipu yenye nguvu zaidi. Kadi za aina hiyo ya zamani bado zinauzwa kwa bei ya kutupa, na mzabuni anayetaka kushinda kwa bei atazileta. Masharti yaseme usimbaji (kufunga taarifa kwa ufunguo wa siri) wa aina ya AES wa biti 128, na yakataze mfumo unaotambua kadi kwa namba yake ya kiwandani pekee, maana namba hiyo inanakilika kwenye kadi tupu.

Yote hayo yanatengenezeka kwa fedha na usimamizi. Linaloua mifumo ya kadi ni hesabu ya jioni.

Daladala inaishi kwa fedha ya leo. Asubuhi gari linawekwa mafuta kidogo, safari ya kwanza inanunua mafuta ya safari ya tatu, wapiga debe wanachukua chao kituoni, pancha inazibwa kwa fedha iliyo mfukoni mwa konda, na jioni hesabu ya tajiri, kiasi anachodai kila siku, inatoka kwanza. Kinachobaki wanagawana dereva na konda. Chukua safari ya abiria 14 kwa nauli ya 600: ni 8,400. Theluthi mbili wakilipa kwa kadi, konda anabaki na 2,800 mkononi na 5,600 ziko kwenye seva. Mfumo ukisema zile 5,600 zitaingia benki kwa tajiri baada ya siku mbili za kazi, gari hilo litasimama kabla ya mchana, kwa kuwa kituo cha mafuta hakikopeshi. Dereva atafanya nini? Ataizima mashine, na konda ataimba "kadi haisomi, leteni keshi". Mtu akitaka kujua kwa nini mashine za kadi zitakuwa "mbovu" kila asubuhi, aanzie hapo kabla hajamtuhumu mtu wizi.

Wenzetu wa Nairobi walipitia njia hii. Mwaka 2013 Google na Equity Bank walileta kadi ya BebaPay; 2014 zikaja nyingine, ikiwemo My 1963, na serikali ikaweka Julai 1, 2014 kuwa siku ya mwisho ya keshi kwenye matatu. Keshi haikuondoka. Kila kadi ilihitaji mashine yake, abiria mwenye kadi moja akipanda gari la chama kingine haisomi, na wafanyakazi wa gari hawakuona mlo wao wa siku ukitoka wapi. BebaPay ilifungwa mwaka 2015. Kigali nako walianza na Tap&Go mwishoni mwa mwaka 2015, na kadi ikashika. Kule njia zilikuwa zimeshagawiwa kwa kampuni chache, na dereva ni mwajiriwa wa mshahara. Kadi ikaikuta kazi imeshapangwa. Arusha magari ni ya matajiri mmoja mmoja, huyu ana moja, yule ana matatu, na baadhi ya madereva ni deiwaka wa siku moja. Tukitaka kadi ya Kigali juu ya mpangilio wa Nairobi, fedha lazima imfikie mtu wa gari siku hiyohiyo.

Inawezekana. Nchi hii watu wanalipana kwa simu hadi kwenye genge la nyanya. Kila safari inapofungwa mwisho wa njia, mfumo ugawe makusanyo papo hapo: fungu la mafuta liende kwenye namba ya simu ya dereva, fungu la hesabu liende kwa tajiri, kwa asilimia walizokubaliana na kuziandika siku gari liliposajiliwa. Makato ya kutuma fedha yajulikane na yasimwangukie konda. Na fedha ambazo abiria wameweka kwenye kadi na hawajazitumia zikae kwenye akaunti ya dhamana benki, zisiguswe na kampuni ya mashine kwa shughuli zake.

Salio nalo lina mitego. Abiria akiongeza 5,000 kwa simu, fedha inaingia kwenye akaunti iliyo kwenye seva. Kadi iliyo mfukoni haijui. Mfumo unaohifadhi salio ndani ya chipu utamwambia "huna salio" hadi aiguse mashine maalumu ya kupokea. Mfumo wa akaunti unahitaji mashine ya kwenye gari ipate habari kwa bando, na mahali mtandao ukisumbua itakuwa na taarifa za saa kadhaa nyuma. Nashauri mfumo wa akaunti, pamoja na ruhusa ya safari moja ya deni: kadi iliyo hai isikataliwe kwa mara ya kwanza salio linapopungua, deni likatwe atakapoongeza. Bei ya kununulia kadi ifidie safari hiyo moja, kwa hiyo hata mwenye kuitupa kadi hajamtia mtu hasara. Na kuongeza salio kuanzie shilingi 600. Mtu wa kipato cha siku haweki 5,000 kwenye kadi.

Sasa faida ambayo sisikii ikitajwa. Mashine yenye GPS inajua gari limegeuzia wapi. Gari limesajiliwa Kilombero–Ngaramtoni, jioni foleni imekaza, linashusha watu Sakina na kugeuza. Abiria wa Ngaramtoni wanapanda lingine na kulipa upya. Kero hii ya kukatisha ruti ni kubwa kuliko kero ya abiria asiyelipa, na ushahidi wake wote utakuwa ndani ya mashine: saa, mahali, idadi ya waliogonga. Mfumo uamue wenyewe kwamba kadi zilizogongwa kwenye gari lililokatisha zinapanda gari linalofuata bila malipo ndani ya dakika 60, na nauli hiyo ikatwe kwenye makusanyo ya gari la kwanza. London, tangu Januari 2018, nauli moja ya basi inakupandisha mabasi mengine yoyote ndani ya saa nzima. Kwetu tuanze na aliyeshushwa njiani tu. Hiyo ndiyo nauli ya adhabu ninayoiunga mkono, na inamwangukia aliyevunja masharti ya leseni yake.

Wanafunzi nao. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vilivyoanza Desemba 2023, safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Konda anaona pengo la 400 kwenye kiti, ndiyo maana mtoto mwenye sare anaachwa kituoni. Kadi haitaondoa pengo hilo, lakini itaandika. Gari lililopita mbele ya shule saa 8 mchana kwa mwezi mzima bila kadi hata moja ya mwanafunzi litajulikana kwa namba, na wale waliobeba wengi watakuwa na rekodi ya kuombea unafuu. Mwanafunzi aliyesahau kadi asitozwe kama mkosaji. Ujerumani aliyesahau kadi yake ya mwezi yenye jina anaruhusiwa kuileta ndani ya wiki moja, na euro 60 zinashuka hadi 7. Wao wenyewe, pamoja na ukali wao, wametofautisha kusahau na kuiba.

Ikitokea wakubwa wakaamua kwamba nauli ya adhabu kwa abiria lazima iwepo, basi walau ifungwe kwa masharti haya. Konda asiwe na mamlaka ya kuitoza hata siku moja; atoze mkaguzi mwenye kitambulisho na mashine ya mkononi. Kabla ya kumwandikia mtu, mkaguzi aiguse mashine ya gari kwa kadi yake ya majaribio, na kipimo hicho kijiandike kwenye seva pamoja na saa. Mashine ikishindwa, hakuna abiria anayeandikiwa ndani ya gari hilo. Isilipwe keshi mkononi, itolewe namba ya malipo. Kiwango kisizidi nauli 10, yaani 6,000 kwa safari ya 600, na nusu yake akilipa ndani ya siku 7. Rufaa isikilizwe na mtu asiyelipwa kwa idadi ya adhabu. Na yote yasianze kabla mashine za njia husika hazijafanya kazi miezi sita mfululizo, rekodi zikiwa zimebandikwa stendi watu wazione. Rekodi hizo zionyeshe magari tu. Mienendo ya mtu mmoja mmoja inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtu awe huru kununua kadi bila kuandikisha jina.

Mlangoni mwa kila gari kibandikwe kibao chenye namba ya mashine na maneno haya kwa herufi zinazosomeka ukiwa umesimama chini: "Mashine isiposoma kadi yako, unasafiri. Gari ndilo linalodaiwa."

Fundi wa mashine za malipo,
Kijenge, Arusha